Etymonline kwa anayefuata neno la Kiingereza hadi Kilatini

Hukumu kwanza, kwa mwenye haraka. Etymonline inafanya vizuri sana kazi moja: kukuonyesha njia ambayo neno limepita, kituo baada ya kituo, kutoka Kilatini hadi Kiingereza. Ni bure, inafunguka upesi, na mhariri wake ni mwangalifu kuliko wengi wanaomnukuu. Isichofanya ni kukuwekea ushahidi mezani. Kwa kawaida haikupi sentensi ya Kilatini ambamo neno lilitumika, wala haikuambii neno hilo lilinyambulikaje. Anayetaka hayo lazima afungue kamusi ya Kilatini pembeni. Tungeipa alama 8 kati ya 10, na mbili zilizokosekana zimepotelea hapo.

Kwa asiyeijua: jina lake kamili ni Online Etymology Dictionary, kamusi ya mtandaoni ya asili za maneno ya Kiingereza iliyojengwa na Douglas Harper wa Pennsylvania, Marekani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Harper hadai kwamba amegundua asili hizo mwenyewe. Amekusanya na kufupisha kazi za kamusi kubwa, ya Oxford ikiwamo, na vyanzo vyake ameviorodhesha waziwazi. Matangazo yapo, lakini kurasa ni maandishi zaidi kuliko picha, kwa hiyo bando dogo linatosha.

Njia nzuri ya kuipima ni kuipa neno moja na kulifuata mpaka mwisho. Tulichagua "rival", yaani mpinzani au mshindani.

Kitomeo, yaani maelezo ya neno moja katika kamusi, kinaanza na aina ya neno kwa kifupi: n. kwa nomino, v. kwa kitenzi, adj. kwa kivumishi. Usiruke herufi hizo. "Rival" ina vitomeo zaidi ya kimoja, na historia ya nomino si lazima iwe historia ya kitenzi. Kinachofuata ni mwaka: 1570s, yaani muongo wa 1570 hadi 1579. Ukikuta "c." kabla ya mwaka, maana yake ni takriban. Ukikuta "late 14c.", hapo ndipo wengi wanapoangukia: ni mwishoni mwa karne ya 14, yaani miaka ya 1300 na kitu, si 1400 na kitu. Mwanafunzi anayeandika 1480 mahali pa 1380 ameruka miaka mia nzima. Zaidi ya hayo, mwaka unaotajwa ni wa maandishi ya kwanza yaliyosalia. Neno linaweza kuwa lilisemwa vizazi kadhaa kabla mtu hajaliandika, na tovuti yenyewe inaonya kwamba tarehe za kabla ya mwaka 1700 hivi zichukuliwe kama makadirio.

Baada ya mwaka unakuja mnyororo. "Rival" imetoka kwa neno la Kilatini rivalis, mshindani, hasa wa kugombea mpenzi. Rivalis nalo awali lilimaanisha mtu wa kijito kimoja, kutokana na rivus, kijito au mfereji. Wanaochota maji kwenye mfereji mmoja hawakawii kugombana. Anayeujua mfongo wa Kilimanjaro, mfereji wa kumwagilia mashamba, na zamu zake za maji hahitaji maelezo zaidi.

Sasa mtego. Ukishajua kwamba rivus ni kijito, mkono unawasha kuandika kwamba "river", mto, limetoka hukohuko. Sivyo. Andika "river" kwenye kisanduku cha kutafutia na utapelekwa kwingine kabisa: Kifaransa cha Kale riviere, kutoka riparia, kutoka ripa, ambalo ni neno la Kilatini la ukingo wa mto au pwani. Herufi v unayoiona ni p iliyolainika. Katika safari ya Kilatini kuwa Kifaransa, p iliyokaa kati ya irabu mbili iligeuka v mara nyingi. Ndiyo sababu Kiingereza kina "receive" upande mmoja na "reception" upande wa pili, "deceive" na "deception": neno lenye v lilipitia vinywani mwa Wafaransa, lenye p limeshika umbo la Kilatini. Na "arrive", kufika, ni ndugu wa "river", kwa kuwa lilijengwa juu ya ad ripam, "hadi ukingoni". Lilikuwa neno la watu wa vyombo kabla halijawa la abiria wa basi.

Ndugu halisi wa "rival" ni "derive": Kilatini derivare, kutoa maji mtoni kwa mfereji, kutokana na de, "kutoka", na rivus. Kwa hiyo neno ambalo Waingereza hulitumia kusema kwamba neno fulani limetokana na lingine lenyewe limetokana na mfereji. Etymonline inayaeleza haya yote kwa usahihi, ila kila kimoja katika ukurasa wake. Kazi ya kuyakutanisha ni yako, na hufanyika kwa kubofya viungo, si kwa kukisia kutokana na sura ya neno.

Ile riparia uliyoiona hapo juu, tovuti inaiandika ikiwa na alama ya nyota mbele: *riparia. Nyota si pambo. Inasema kwamba umbo hilo halijapatikana kwenye maandishi yoyote. Wataalamu wamelijenga upya kutokana na watoto wake, kwa mfano ribera la Kihispania na riviera la Kiitaliano. Ukilihamishia kwenye daftari lako bila nyota umegeuza kadirio kuwa ushahidi. Katika kazi za wanafunzi, na hata katika makala za magazeti, hakuna kosa tunalolikuta mara nyingi kama hili.

Kuthibitisha kwenye kamusi ya Kilatini

Kamusi iliyo rahisi kuipata bila malipo ni ya Lewis na Short, iliyochapishwa mwaka 1879. Ni ya zamani, na kwa asili za maneno isitegemewe, lakini kwa kukuonyesha ni mwandishi gani wa Kirumi alitumia neno na kwa maana gani bado ni hazina. Utaikuta Perseus, maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Tufts, na pia Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago, ambayo huweka kamusi kadhaa kwenye ukurasa mmoja. Kwa simu tunapendelea Logeion.

Ukiitafuta rivalis humo unapata jambo ambalo Etymonline haikukuambia. Maana ya mshindani wa mapenzi imo tayari katika vichekesho vya Plautus, aliyefariki mwaka 184 kabla ya Kristo, na vya Terence baada yake kidogo. Maelezo ya kisheria, kwamba rivales ni watu wanaopitisha maji kwenye mfereji mmoja, ni ya mwanasheria Ulpian, wa mwanzoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo. Yaani maana ya kitamathali imeandikwa miaka mia nne kabla ya ile tunayoiita ya msingi! Hilo haliivunji asili ya neno. Linakuonya tu kwamba mpangilio wa tarehe na mpangilio wa maana si kitu kimoja, na kwamba neno "awali" kwenye kitomeo ni hoja ya mtaalamu, hakuna kalenda iliyolirekodi.

Hapa kwenye kuvuka kutoka Etymonline kwenda kamusi ya Kilatini ndipo wengi wanapokwama, wakatangaza kwamba neno "halipo". Lipo, ila limeorodheshwa kwa umbo jingine.

Vitenzi kwanza. Etymonline hutaja kitenzi cha Kilatini katika umbo lisilo na nafsi, kama sisi tunavyosema "kudaiwa": debere. Kamusi ya Kilatini huorodhesha nafsi ya kwanza, kama kusema "nadaiwa": debeo. Kwa hiyo unabadilisha mwisho. Cha -are kinakuwa -o: portare, tafuta porto. Cha -ire kinakuwa -io: audire, tafuta audio. Cha -ari kinakuwa -or: admirari, tafuta admiror. Chenye -ere ndicho kinachosumbua, kwa sababu kinaweza kuwa -o (ducere, duco), -eo (debere, debeo) au -io (capere, capio). Warumi wenyewe walitofautisha kwa urefu wa irabu, na vitabu vya kufundishia huweka kistari juu ya irabu ndefu, lakini Etymonline haiweki. Hilo tunalihesabu kuwa kasoro halisi. Dawa ni kujaribu yote matatu. Haichukui nusu dakika.

Nomino zina mtego wake. Kiingereza, kupitia Kifaransa, kimerithi nomino nyingi za Kilatini katika umbo la yambwa (mtendwa), si la kiima (mtenda). Kwa hiyo kitomeo cha "nation" kinakutajia nationem, na kwenye mabano natio. Ya mabano ndiyo ya kutafuta. Vivyo hivyo maneno ya -tatem yanaorodheshwa kwa -tas (libertatem, libertas), na ya -tudinem kwa -tudo. Kuna pia suala la i na j: Etymonline inaandika iungere, kuunganisha, lakini Lewis na Short wameiweka chini ya jungo. Mtu anayepekua herufi I atatoka mikono mitupu.

Njia iliyopita ni muhimu kuliko mwisho wake

Tukirudi kwenye tovuti yenyewe, uwezo wake unaonekana zaidi kwenye maneno yaliyoingia Kiingereza zaidi ya mara moja. Msomaji wa Kiswahili anaielewa hali hii bila kufundishwa. Tanzania Bara watoto wanakwenda shule, Zanzibar wanakwenda skuli. La kwanza limetoka Kijerumani, Schule, la pili Kiingereza, school, na yote mawili yanarudi kwenye schola la Kilatini, lililokopwa kwa Wagiriki. Mzizi mmoja, milango miwili. Au chukua hospitali, hosteli na hoteli: yote matatu yanarudi kwenye hospitale la Kilatini, nyumba ya wageni, kutoka hospes. Kifaransa kiliidondosha s, kikaweka kofia juu ya o kuwa kumbukumbu, hôtel. Ukikuta kofia hiyo kwenye neno la Kifaransa, jaribu kuirudisha s na mara nyingi neno la Kiingereza litajitokeza: forêt na "forest", île na "isle".

Mfano wetu wa kuipimia tovuti kwenye jambo hili ni "cattle". Leo ni ng'ombe. Etymonline inaliweka katikati ya karne ya 13 na kutaja maana ya wakati huo: mali ya aina yoyote, fedha na ardhi zikiwamo. Limetoka catel la Kifaransa cha Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kutoka capitale la Kilatini cha Zama za Kati, kutoka caput, kichwa. Sasa fungua "chattel", mali inayohamishika, neno la wanasheria: ni lilelile, ila limepitia Kifaransa cha upande wa Paris, ambako ca- ya Kilatini iligeuka cha-. Kisha fungua "capital" ya fedha, mtaji: ni lilelile tena, safari hii likiwa na sura yake ya Kilatini. Maneno matatu, asili moja, na tofauti ya sura inakuambia neno limepitia wapi. Ukiijua kanuni ya ca- na cha- utaitambua na kwingine: "catch" na "chase" ni mapacha wa namna hiyohiyo.

Kanuni nyingine inayofaa kuwekwa kichwani kabla ya kufungua tovuti: neno fupi lililopoteza konsonanti za katikati kwa kawaida limepita mdomoni, kupitia Kifaransa, neno refu linalofanana na Kilatini kwa kawaida limepita kitabuni. "Sure" na "secure" ni securus. "Frail" na "fragile" ni fragilis. "Poor" na "pauper" ni pauper. "Count" na "compute" ni computare. Na lile linalotupendeza zaidi, "poison" na "potion": sumu na dawa ya kunywa, yote potionem, kinywaji. Kabla ya hayo kuna tabaka la zamani zaidi, maneno ambayo Waingereza na mababu zao wa Kijerumani waliyachukua kwa Warumi muda mrefu kabla Wanormani hawajavamia mwaka 1066: "street" kutoka strata, "cheese" kutoka caseus, "kitchen" kutoka coquina, "mile" kutoka milia. Haya yamechakaa kiasi kwamba hayaonekani tena kuwa ya kigeni, kama "meza" yetu, ambayo wachache wanakumbuka kwamba ni mesa ya Wareno na mensa ya Warumi.

Viambishi awali vina kurasa zao, na hapo tovuti imefanya kazi safi. Andika in- na utapata viwili, in- (1) cha kukanusha na in- (2) cha "ndani" au "juu ya". Namba hizo zina uzito. "Inflammable" haina maana ya "kisichoshika moto". In- yake ni ya pili, kutoka inflammare, kuwasha, na tafsiri mbovu ya neno hilo kwenye pipa la petroli inaweza kuunguza ghala. Jambo jingine la viambishi ni kwamba hubadilika sura kufuata herufi inayofuata. Ad- inakuwa af-, al-, ar-, at- na kadhalika, ndiyo maana ad na ripa yametoa "arrive" yenye r mbili. In- inakuwa im- mbele ya p na b. Anayejua kwamba ubao na ubavu, kwa wingi, huwa mbao na mbavu, n- ikigeuka m- mbele ya b, ameshalielewa somo. Ukikutana na konsonanti mbili zinazofanana karibu na mwanzo wa neno, shuku kiambishi kilichojificha.

Mahali inapopotosha bila kukusudia

Vitomeo vingi havikomei kwenye Kilatini. Vinaendelea hadi kwenye kile tovuti inachokiita PIE, lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha ya kale iliyojengwa upya na wataalamu kuwa mzazi wa lugha nyingi za Ulaya na India, na mzizi huwa ni kiungo cha kubofya. Ukibofya *kaput-, kichwa, unapata orodha ndefu: achieve, biceps, cabbage, capital, cattle, chapter, chief. Inapendeza, na inateleza. Katika orodha hiyohiyo yumo "behead", kukata kichwa, neno lisilo na tone la Kilatini. Ni la Kiingereza asilia. Ukurasa wa mzizi unakusanya wazao wote wa lugha mame, waliokopwa kutoka Kilatini na waliorithiwa moja kwa moja, na haukutengei makundi. Matokeo yake ni insha zinazodai kwamba "head" limetoka caput, au "father" limetoka pater.

Ni kama kudai kwamba Kiswahili kilikopa "mtu" kutoka umuntu la Kizulu. Hakuna aliyekopa, wote wamerithi kwa Bantu mame. Padri tulimkopa, kutoka kwa Wareno. Mtu ni wetu. Kwa Kiingereza kuna kipimo chepesi, kilichotokana na kanuni aliyoieleza mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822. Mahali Kilatini kina p, neno la Kiingereza lililorithiwa lina f: pater na "father", piscis na "fish". Kilatini c, Kiingereza h: cornu na "horn", centum na "hundred". Kilatini d, Kiingereza t: duo na "two", decem na "ten". Ukiona mpishano huo, andika "ndugu wa", usiandike "limetoka". Ukiona konsonanti ileile pande zote mbili, kama "paternal", hapo ndipo mkopo unapowezekana. Ushauri wetu kwa mwalimu: kwa kazi ya mizizi ya Kilatini, waambie wanafunzi wasimame kituo cha Kilatini na wasibofye mzizi wa PIE kabisa mpaka watakapofundishwa jambo hili.

Jingine ni maneno ya tahadhari. Harper anayatumia kwa makusudi, na wanaonukuu huyafuta. Kwenye "salary" anasema kwamba salarium, posho, "inasemekana" awali ilikuwa fedha ya chumvi ya askari. Kufungamana kwa salarium na sal, chumvi, ni kwa kale. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 baada ya Kristo, anautaja. Lakini hakuna maandishi ya Kirumi yanayosema kwamba askari walilipwa kwa magunia ya chumvi. Hadithi hiyo inazunguka kila mwaka kwenye magrupu ya WhatsApp, na Etymonline hutajwa kuwa shahidi wake, jambo ambalo si haki. Asili ya mshahara wetu haina fumbo kama hilo: ni shahr la Kiarabu, mwezi.

Kwenye "sincere" tovuti ni kali zaidi. Hadithi ya sine cera, "bila nta", eti wachongaji waaminifu hawakuziba nyufa za sanamu kwa nta, inatajwa na kukataliwa hapohapo. Asili ni sincerus, safi, isiyochanganywa. Soma kitomeo mpaka mwisho, basi, kwa sababu mara nyingine kinachotajwa kinatajwa ili kikanushwe.

Tahajia nayo inadanganya, na hapa tovuti ni msaada mkubwa. B ya "debt", deni, haijawahi kutamkwa katika Kiingereza. Neno liliingia kutoka Kifaransa kama dette, na b ikaongezwa baadaye na wasomi waliotaka debitum ionekane. Angalau hiyo ni ya kweli kihistoria. S ya "island" si ya kweli: neno ni la Kiingereza cha Kale, iegland, na s ilibandikwa kwa kulifananisha na "isle", ambalo ndilo la insula. Vivyo hivyo "outrage" halina out wala rage ndani yake. Ni ultra ya Kilatini pamoja na kiambishi tamati cha Kifaransa. Na "female" halikujengwa juu ya "male": moja ni femella, umbo la udogo la femina, mwanamke, jingine ni masculus.

Washindani wake

Wiktionary, kamusi huria iliyoanza Desemba 2002, inaishinda Etymonline kwenye mambo mawili: inaweka vistari vya irabu ndefu, na ukibofya neno la Kilatini unapata mnyambuliko wake wote, maumbo ya yambwa yakiwamo. Kwa tatizo la debere na debeo, dawa ya haraka ni hiyo. Udhaifu wake ni kwamba yeyote anaweza kuhariri, na ubora unapanda na kushuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Vitomeo vya maneno ya kawaida huwa vizuri; vya maneno adimu, tumia kwa hadhari.

Kamusi ya Oxford, OED, ndiyo mahakama ya rufaa. Toleo lake la pili la mwaka 1989 lilikuwa na juzuu 20, na tangu mwaka 2000 marekebisho ya toleo la tatu yanawekwa mtandaoni. Kila maana ina nukuu zake na miaka yake, kitu ambacho Etymonline haina. Ni ya kulipia, na bei si ya mfuko wa mwalimu wa sekondari. Aliyeko Uingereza aulize maktaba ya umma ya mtaa wake, kwa sababu nyingi humruhusu mwanachama kuingia kwa namba ya kadi. Kwingine, ulizia maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu. Ukiona mwaka wa Etymonline unatofautiana na wa OED, fuata OED, hasa kama kitomeo chake kimeshapitiwa kwa toleo la tatu.

Kwa neno moja la kawaida, mzunguko mzima wa Etymonline kwa njia, Wiktionary kwa umbo na Lewis na Short kwa ushahidi unachukua dakika kumi hivi. Unapungua ukizoea.

Kuna neno moja tunalopenda kumpa anayeanza, kwa sababu linaonekana la Kilatini tupu: "admiral", mkuu wa wanamaji. Mwanzo wake unafanana na admirari, kustaajabia, na d hiyo kweli iliingizwa kwa mvuto wa Kilatini. Lakini fuata mnyororo wa Etymonline na unafika amir la Kiarabu, kiongozi, likiwa na al- iliyong'ang'ania mwishoni kutoka maneno kama amir al-bahr, amiri wa bahari. Mwanafunzi wa London anahitaji tanbihi mbili kulielewa. Aliyekulia Lamu au Bagamoyo ana amiri na bahari kinywani tayari.